Tom Mboya, Mwana wa Shamba la Mkonge

Mwanafunzi wa Kenya akiulizwa Tom Mboya alikuwa nani, aghalabu hujibu kwamba alikuwa waziri, kwamba aliwapeleka vijana Marekani kwa ndege, na kwamba aliuawa kwa risasi. Majibu hayo ni sahihi, ila yanaanzia katikati. Mwanzo wa maisha yake unagusa historia ambayo masomo yetu huigawa mafungu mawili yasiyokutana: utumwa wa Pwani na kazi ya mashamba ya walowezi.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa mali ya Sir William Northrup McMillan. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Awuor, walitoka kisiwa cha Rusinga, katika kaunti ya Homa Bay ya leo. Baba alikuwa nyapara shambani humo. Hawakuwa peke yao. Kodi ya serikali ya kikoloni ilipoingia, vijana wengi wa Kavirondo Kusini, wilaya iliyojumuisha Homa Bay na Migori za sasa, waliondoka makwao kwenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya mkonge, chai na kahawa. Tangu mwaka 1920 walibeba kipande, kilichoning'inia shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Aliyetoroka kazi alishtakiwa kama mhalifu.

Je, huo ulikuwa utumwa? La hasha. Ndiege alipata mshahara, na hapakuwa na mtu aliyeweza kumwuza yeye wala mwanawe. Mwalimu anayefundisha kwamba mambo hayo mawili ni sawa anawakosea haki waliopigwa mnada Unguja. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni isimu nasikia katika maneno yetu udugu ambao hauzungumzwi darasani. Neno kibarua, yaani barua ndogo, katika karne ya 19 lilimtaja hasa mtumwa wa mjini aliyekodishwa kwa ujira wa kutwa, kisha akagawana ujira huo na bwana wake. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, neno halikufa. Lilihamia kwa mfanyakazi huru, likapanda bara pamoja na reli. Nyapara naye alikuwa mkuu wa wapagazi katika misafara ya pembe kabla ya kuwa msimamizi wa wakata mkonge. Sheria ilibadilika, lakini msamiati wa kuamrisha na kuamrishwa ukarithiwa.

Katika msamiati huo ndimo Mboya alimokulia, akisikia Kikamba na Kiswahili kando ya Dholuo. Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, akakatiza masomo kwa uhaba wa karo, akasomea kazi ya bwana afya. Akiwa mwajiriwa wa Baraza la Jiji la Nairobi, aliona watu wa kazi moja wakilipwa mishahara tofauti kwa sababu ya rangi. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia na sampuli ya maziwa, akamwona amesimama, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote ofisini.

Mwaka 1953, hali ya hatari ikiwa imetangazwa na viongozi wengi wakiwa kizuizini, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akashuka Pwani, akawasihi warudi kazini huku madai yao yakifikishwa mbele ya usuluhishi, nao wakaongezewa mshahara. Hebu tutafakari jambo hili. Katika mji ambamo zamani ujira wa kibarua uliingia mfukoni mwa bwana wake, wachukuzi sasa walikaa na mwajiri kupatana bei ya jasho lao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi ya Mboya ilipofikia kina chake, kuliko hata Accra mwaka 1958, alipokuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima.

Hakuwa malaika. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, alisimamia mapatano ya serikali, waajiri na vyama ambayo yalitanguliza majadiliano na kuubana mgomo. Wako wanavyama waliomwona amewafungia mlango aliopitia yeye. Shutuma hiyo haipaswi kufichwa wanafunzi, waipime wenyewe.

Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, akazikwa Rusinga. Kaburi lake hutembelewa na wanafunzi wengi. Ningependa walimu wa Homa Bay na Migori wawape kazi moja kabla ya safari hiyo: wawaulize wazee wao ni nani katika ukoo aliyekwenda kufanya kazi mashambani, alikwenda shamba gani, na huko aliitwa nani. Majibu yaandikwe daftarini, kwa sababu wanaoyajua wanazidi kupungua.