Vallabhbhai Patel: Mfungwa aliyewatetea maafisa wa mkoloni

MNAMO Oktoba 10, 1949, mzee wa miaka 73 aliyekuwa akiugua maradhi ya moyo alisimama katika Bunge la Katiba jijini New Delhi kuwatetea watu ambao wengi ukumbini humo waliwaona kuwa vibaraka. Hao walikuwa maafisa wa Utumishi wa Umma wa India, kikosi cha wasomi wapatao 1,000 ambacho Uingereza ilikitumia kutawala mamia ya mamilioni ya watu. Mtetezi wao, Vallabhbhai Patel, alikuwa ametiwa jela mara kadhaa na serikali hiyo hiyo waliyoitumikia.

Patel alizaliwa Oktoba 31, 1875, mjini Nadiad, Gujarat, katika jamii ya wakulima. Alijisomea uwakili kwa vitabu vya kuazima, akaweka akiba, na mwaka wa 1910 akasafiri hadi London kusomea sheria katika chuo cha Middle Temple. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1909 telegramu ya kifo cha mkewe ilimkuta mahakamani akimhoji shahidi. Aliisoma, akaitia mfukoni, akaendelea na kesi hadi mwisho.

Wakili huyo aliyependa suti za Kizungu alivutwa na Mahatma Gandhi, akavaa khadi na kuwaongoza wakulima wa Kheda mwaka wa 1918. Miaka 10 baadaye, huko Bardoli, aliwaongoza wakulima kukataa nyongeza ya kodi ya ardhi hadi serikali ikasalimu amri. Hapo ndipo alipopata jina la Sardar, yaani kiongozi. Kifungo chake kirefu zaidi kilikuwa kati ya 1942 na 1945.

Alipoingia katika serikali ya mpito mwaka wa 1946 akiwa Waziri wa Masuala ya Ndani, nchi ilikuwa ikipasuka. Chama cha Congress na Muslim League vilivutana ndani ya baraza moja la mawaziri, na damu ilikuwa ikimwagika mitaani. Maafisa Waingereza walikuwa wakifungasha virago. Mwaka uliofuata, wenzao wengi Waislamu wangehamia Pakistan.

Oktoba 1946, Patel aliwaita mawaziri wakuu wa mikoa na kuwaomba wakubali huduma mbili mpya za kitaifa, moja ya utawala na nyingine ya polisi. Ombi hilo halikuwa rahisi. Mwanasiasa wa mkoa hupenda mkuu wa wilaya anayemjua yeye, wala si aliyeteuliwa kwa mtihani na anayeweza kutoka upande mwingine wa nchi. Patel alitaka kinyume: afisa apatikane kwa ushindani, afanye kazi mkoani, lakini asifukuzwe kwa hasira za mkubwa wa hapo.

Aprili 21, 1947, alizungumza na wanagenzi wa kwanza wa huduma hiyo katika jumba la Metcalfe, Delhi. Aliwahimiza wajiepushe na siasa na ugomvi wa kidini, na wasiguswe na rushwa. Miezi minne baadaye nchi ikagawanywa. Zaidi ya watu milioni 10 walivuka mipaka, na hao maafisa wachache waliosalia ndio waliolazimika kutafuta kambi, chakula na treni. Aliyekuwa katibu wake, V. P. Menon, naye mtumishi wa umma, ndiye aliyemsaidia kuziunganisha falme ndogo zaidi ya 550 na India.

Basi wabunge walipotaka maafisa wa zamani wanyimwe dhamana ya mishahara na haki zao katika katiba, Patel aliwaka. Aliwaeleza kuwa bila watu hao muungano ungeporomoka, na kwamba yeye mwenyewe alimruhusu katibu wake kuandika maoni yanayopingana na yake. Hata rafiki na mshindani wake Jawaharlal Nehru alikuwa ameandika katika miaka ya 1930 kwamba India mpya haingejengwa kwa moyo wa utumishi ule wa kikoloni.

Hofu ya Nehru haikuwa ya bure. Majivuno ya enzi ya mkoloni yalirithiwa pamoja na mafaili, na kinga ya Kifungu cha 311 dhidi ya kufutwa kazi ovyo imelalamikiwa kuwa imewakinga wazembe pia. Dhamana maalumu kwa maafisa wa zamani, Kifungu cha 314, ilifutwa mwaka wa 1972. Kifungu cha 312, kinachotambua huduma zile mbili za kitaifa, kingalipo.

Patel alifariki Bombay Desemba 15, 1950, kabla ya katiba hiyo kutimiza mwaka mmoja tangu ianze kutumika. Zaidi ya maafisa 1,500 wa utawala na polisi walikusanyika kwenye makazi yake Delhi kumwomboleza, wakaapa kuitumikia India kwa uaminifu.