Almasi Nyeusi ya Kuba

Mchezo wa beziboli hauna mashabiki wengi miongoni mwetu, lakini kisa cha leo hakimhitaji mtu awe bingwa wa mchezo huo. Yatosha kujua kwamba katikati ya uwanja husimama mtu mmoja, mrushaji, na mbele yake mpinzani aliyeshika gongo. Kazi ya mrushaji ni kumhadaa yule mwenye gongo kwa kasi na kwa mapindo ya mpira. Akishindwa yeye, aghalabu timu nzima imeshindwa. Katika kazi hiyo marehemu José Méndez hakuwa na wengi wa kulinganishwa naye.

Alizaliwa tarehe 19 Machi, 1887, katika mji wa Cárdenas, mkoani Matanzas. Wakati huo Kuba ilikuwa koloni la Hispania, na utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwezi Oktoba wa mwaka uliotangulia. Maana yake ni kwamba miezi michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, mashamba ya miwa ya mkoa huo yalikuwa bado yana watu waliofungwa na sheria kuwatumikia mabwana wao. Hapo ndipo alipotoka kijana huyu mweusi, mfupi wa kimo na mwembamba, ambaye mkono wake wa kulia ulikuja kuwatetemesha mabingwa.

Ligi ya Kuba ilikuwa imewafungulia weusi mlango tangu mwaka 1900. Méndez aliingia katika timu ya Almendares ya Havana, na katika msimu wake wa kwanza, wa 1908, alishinda michezo 9 bila kushindwa hata mmoja. Watu wakamwita Almasi Nyeusi.

Mwezi Novemba mwaka huo huo ikaja Havana timu ya Cincinnati, mojawapo ya timu za ligi kubwa za Marekani. Msomaji na akumbuke hali ya nchi siku hizo. Majeshi ya Marekani yalikuwa yameikalia Kuba kwa mara ya pili tangu 1906, na aliyetawala Havana alikuwa gavana Mmarekani, Charles Magoon. Wageni wale walikuja kucheza na watu waliokuwa chini ya serikali ya taifa lao. Tarehe 15 Novemba Méndez alisimama mbele yao kwa duru zote tisa. Hadi duru ya nane hakuna aliyeupiga mpira wake akafika kituoni salama. Katika duru ya tisa alifanikiwa mmoja tu, Miller Huggins. Almendares wakashinda kwa bao moja kwa bure. Siku zilizofuata akarusha duru saba nyingine dhidi ya timu hiyo hiyo, kisha tisa tena. Jumla zikawa duru 25 ambazo Cincinnati hawakupata hata bao moja kutoka mkononi mwake.

Utawala ule wa Marekani ulikoma mwezi Januari 1909, nasi hatusemi kwamba ulifukuzwa na mpira. Lakini si vigumu kufahamu kwa nini mitaa ya Havana ilimpenda kijana yule.

Mwaka 1910 wakaja Philadelphia Athletics, waliokuwa ndio kwanza wametwaa ubingwa wa Marekani, na mrushaji wao mashuhuri, Eddie Plank, akashindwa na Méndez. Haki itendeke: mwaka uliofuata walikuja New York Giants, na Christopher Mathewson alimshinda Méndez. Hata hivyo waliomwona walikubali kwamba anawalingana wakubwa hao. Kilichomzuia kuingia katika ligi zao kilikuwa rangi ya ngozi yake na si kingine. Ligi hizo zilikuwa zimewafungia weusi mlango tangu karne ya kumi na tisa, bila hata kujitaabisha kuandika katazo hilo katika sheria zao.

Mwaka 1911 Cincinnati waliwachukua Wakuba wawili, Armando Marsans na Rafael Almeida, waliokuwa wachezaji wenzake Méndez wa Almendares. Walikuwa na ngozi nyeupe, na bado zilifanyika juhudi za kuwahakikishia watu kwamba wao ni wazao wa Wahispania watupu. Timu ambayo Méndez aliinyima bao kwa duru 25 ilikwenda Havana kutafuta wachezaji, ikampita yeye.

Basi akachezea Marekani mahali alikoruhusiwa: katika timu za weusi kama Brooklyn Royal Giants na Cuban Stars, kisha All Nations, timu ya J. L. Wilkinson iliyochanganya watu wa mataifa na rangi mbalimbali, ikizunguka mji hadi mji. Kwa muda mkono wake uliharibika. Wengi hukomea hapo. Yeye alihamia nafasi nyingine uwanjani akaendelea. Ligi ya weusi ilipoundwa mwaka 1920, Wilkinson aliingiza timu ya Kansas City Monarchs, na Méndez akawa mchezaji na hatimaye kiongozi wake.

Mwaka 1923 Mkuba mwingine mweupe, Adolfo Luque, aliishindia Cincinnati michezo 27, na Havana ikamfanyia maandamano ya shangwe. Inasimuliwa kwamba Luque alimwona Méndez katika umati, akamwendea, akamwambia kuwa heshima zile zilimstahili yeye. Tukimsifu Luque kwa ungwana wake, tukumbuke pia kwamba maandamano yaliendelea, na aliyeshangiliwa alikuwa Luque.

Mwaka uliofuata Monarchs walipambana na Hilldale wa Pennsylvania katika fainali ya kwanza ya ligi za weusi. Ilichezwa michezo kumi, mmoja ukiwa sare. Mchezo wa mwisho ulifanyika Chicago tarehe 20 Oktoba, 1924, kila upande ukiwa umeshinda mara nne. Méndez alikuwa na umri wa miaka 37 na alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Angeweza kumtuma kijana yeyote. Alijituma mwenyewe. Duru saba zilipita bila bao upande wowote. Katika ya nane Monarchs wakapata matano, na Hilldale hawakupata kitu hadi mwisho.

Alifariki Havana tarehe 31 Oktoba, 1928, kwa maradhi ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 1939 Kuba ilimweka katika kundi la kwanza la mashujaa wake wa beziboli. Mlango wa ligi kubwa za Marekani ulifunguliwa kwa Jackie Robinson mwaka 1947. Jumba la mashujaa la Cooperstown lilimpokea Méndez mwaka 2006, na mwezi Desemba 2020 wakuu wa beziboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi za weusi za 1920 hadi 1948, ile ya Monarchs ikiwemo, zilikuwa ligi kubwa.