Hassan Fathy: Mjenzi Aliyeuhuisha Ua wa Wazee

Miongoni mwa wajenzi mashuhuri waliotokea katika nchi za Kiislamu katika karne ya ishirini, marehemu Hassan Fathy wa Misri ana mahali pake. Sifa yake haikutokana na majumba ya ghorofa wala makasri ya wafalme. Ilitokana na tope la mto Nile na ua wa nyumba ya mkulima.

Alizaliwa mjini Alexandria tarehe 23 Machi mwaka wa 1900, katika jamaa yenye mali. Baba yake alikuwa na mashamba lakini hakupenda kuyakanyaga, kwani aliyaona ni mahali pa nzi na maji machafu. Mama yake alilelewa shamba, na hadithi zake za utotoni zilimtia mwanawe shauku ya kuishi huko. Fathy akataka kusomea kilimo, asiwahi. Akasomea usanifu wa majengo mjini Cairo, akafuzu mwaka wa 1926, na tangu mwaka wa 1930 akawa mwalimu katika chuo cha sanaa mjini humo.

Alipofika kwenye shamba la kwao, akiwa kijana mzima, alihuzunika sana. Wakulima waliishi katika vibanda vichafu vilivyobanana, na mwenye shamba hakujali. Fathy akawashika wazazi wake mpaka wakakubali shamba lile lijengwe upya. Tangu hapo swali moja halikumtoka moyoni: vipi mtu asiye na fedha atapata nyumba yenye staha?

Jibu alilipata wakati wa vita vikuu vya pili, ambapo chuma na mbao zilikuwa adimu. Mwaka wa 1941 alijaribu kujenga kwa matofali ya udongo mahali paitwapo Bahtim, na mapaa yakaporomoka. Ndipo alipopata habari kwamba Wanubi, karibu na Aswan, bado hujenga mapaa ya tope kama walivyojenga wazee wao. Akaenda kuwaona. Waashi wale walilaza matofali mepesi, yaliyochanganywa na nyasi kavu, yakaegemea ukuta wa nyuma, kila mstari ukiulalia uliotangulia, mpaka tao likakamilika. Hawakutumia boriti hata moja wala kiunzi cha kulishikilia tao. Elimu ambayo chuo hakikumpa Fathy alipewa na mafundi wa kijijini, akawachukua wakafanye kazi pamoja naye.

Mwaka wa 1945 Idara ya Vitu vya Kale ilimwita. Ng'ambo ya mto, kuelekea Luxor, palikuwa na kijiji cha Gourna, kilichojengwa juu ya makaburi ya kale, na baadhi ya wenyeji waliishi kwa kuchimbua na kuuza vilivyozikwa humo. Sanamu iliyochongwa mwambani ilipoibwa kaburini, serikali iliamua kuwahamisha watu wote, yapata 7,000. Fathy akapewa eka 50 ajenge kijiji kipya.

Alijenga msikiti, soko, shule na ukumbi wa michezo. Nyumba hakuzipanga mistari kama kambi ya askari. Alizikusanya kwa koo, na kila nyumba akaipa ua wake. Kwa Fathy, ua haukuwa uwanja uliobaki baada ya kujenga vyumba, bali moyo wa nyumba. Usiku hewa baridi huteremka na kujaa uani, ikapenya vyumbani, na asubuhi ua huchelewa kupata joto kwa sababu ya kivuli cha kuta. Tena ua humpa mwenye nyumba kipande chake cha mbingu, na watu wa nyumbani husitirika na macho ya wapita njia.

Aliona pia ujuzi huu katika nyumba kongwe za Cairo, zenye nyua mbili: moja ndogo yenye kivuli, nyingine pana yenye jua. Hewa ya ua wenye jua hupata joto ikapanda juu, ikavuta hewa baridi ya ua mdogo, na baraza iliyo katikati ikapata upepo siku nzima. Juu ya paa walijenga mnara mdogo uliofunguliwa upande upepo utokako, ukaushusha mpaka sebuleni. Madirisha yalikuwa ya kimia cha mbao, yenye kupitisha hewa na kuzuia jua. Mwaka wa 1964, katika majaribio yaliyofanywa mjini Cairo, chumba cha udongo kilikaa kati ya nyuzi 21 na 23 mchana na usiku, na chumba cha zege kikafika nyuzi 36.

Lakini kijiji kipya hakikukamilika. Watu wa Gourna walikataa kuhama, maana pale makaburini ndipo riziki yao ilipokuwa. Wengine walichukia kulala chini ya kuba, kwani kwao kuba ni ya kaburi la walii. Maofisa nao walichelewesha fedha na vifaa, na kufikia mwaka wa 1948 kazi ilisimama. Jambo jingine Fathy mwenyewe alilieleza kwa masikitiko katika kitabu chake juu ya Gourna, kilichotoka mwaka wa 1969: kwa desturi ya mahali pale hakuweza kuzungumza na wanawake. Basi wale ambao wangepika, wangefua na kulea watoto katika nyua zile ndio ambao hawakuulizwa.

Mwaka wa 1957 alihamia Athens, akarudi Misri baada ya miaka michache. Akaishi katika nyumba ya kale karibu na ngome ya Cairo, pamoja na paka wake. Kijiji chake kingine, New Baris katika jangwa la Kharga, kilikatizwa na vita vya mwaka wa 1967. Heshima ya dunia ilimfikia uzeeni. Mwaka wa 1980 alipewa tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na karibu na wakati huo akachora msikiti wa udongo uliojengwa Abiquiu, huko Marekani. Alifariki Cairo tarehe 30 Novemba mwaka wa 1989.

Kijiji chake cha Gourna kiliendelea kubadilika. Waliohamia humo waliongeza ghorofa za zege, nyua zikazibwa, na maji ya chumvi yakapanda kutoka ardhini yakala kuta. Mwaka wa 2010 kilitiwa katika orodha ya majengo ya dunia yaliyo hatarini, na UNESCO pamoja na serikali ya Misri wakaanza kukitengeneza.

Habari hizi si ngeni kwa mtu wa pwani. Mkazi wa Lamu anakijua kiwanda cha nyumba ya mawe, yaani ule ua wa ndani usioezekwa, na anajua kuta nene za matumbawe na chokaa zinavyozuia joto. Anajua pia jinsi anayetafuta chumba kimoja zaidi anavyoweza kushawishika kukifunika kwa zege. Mwacha asili ni mtumwa, na Fathy aliyasema hayo kwa matofali. Hata hivyo Gourna imeongeza neno: asili yenyewe ina wenyewe, na anayetaka kutengeneza ua wa kale na aanze kwa kuwauliza wanaokaa uani.