George Cadbury: Tajiri wa chokoleti aliyeuliza faida inatoka wapi

WAFANYABIASHARA wengi, kabla ya kutoa mtaji, huuliza faida itakuwa kiasi gani. George Cadbury, Mwingereza aliyetajirika kwa kakao na chokoleti, aliuliza pia faida hiyo inatoka wapi. Siku moja swali hilo lilimgeukia mwenyewe, na jibu lilichukua miaka minane.

Alizaliwa Birmingham mwaka 1839 katika familia ya dhehebu la Marafiki, maarufu kama Quaker, ambalo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Mwaka 1861 yeye na kaka yake Richard walikabidhiwa kiwanda cha baba yao kikiwa taabani. Waliweka humo urithi walioachiwa na mama yao, lakini kwa miaka kadhaa kiwanda kiliendelea kula fedha.

Kilichowaokoa ni ubora. Zama hizo watengenezaji, wao wakiwamo, walichanganya kakao na wanga. Mwaka 1866, wakitumia mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta, walianza kuuza kakao safi. Wateja waliipenda na soko likapanuka.

Mwaka 1879 kiwanda kilihamia nje ya mji, mahali walipopaita Bournville. Kuanzia 1895 George alijenga hapo nyumba bora kwa wafanyakazi na watu wengine, zikiwa na bustani na miti ya matunda. Mwaka 1900 alikabidhi nyumba zaidi ya 300 kwa mfuko wa udhamini, ili kodi itumike kuendeleza makazi hayo badala ya kurudi mfukoni mwake. Aliponunua gazeti la Daily News mwaka 1901, lilifuta ubashiri wa mbio za farasi na matangazo ya pombe.

Mwaka huohuo jaribu likabisha hodi. Kampuni, ambayo George alikuwa mwenyekiti wake, ilipata habari kwamba kakao ya São Tomé, kisiwa kilichotawaliwa na Ureno, ililimwa na watu walionunuliwa Angola na kusafirishwa kwa nguvu. Kwenye karatasi waliitwa vibarua wa mkataba, lakini karibu hakuna aliyerudi kwao. Takribani nusu ya kakao ya kampuni ilitoka huko.

Wakuu wa kampuni waliamua kuendelea kununua huku wakiibana Ureno, wakiamini kwamba mnunuzi akiondoka hana sauti tena. Mwaka 1905 walimtuma Joseph Burtt kuchunguza, naye akathibitisha mabaya hayo. Hata hivyo, waliacha kununua Machi 1909 tu. Wakageukia Gold Coast, sasa Ghana, ambako kakao ililimwa na wakulima wadogo katika mashamba yao.

Mwaka huo walilishinda mahakamani gazeti lililowaita wanafiki. Lakini fidia waliyopewa ilikuwa robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Walishinda kesi, wakabaki na aibu.

George alifariki mwaka 1922. Nyumba za Bournville bado zinakaliwa, na mfuko wake bado unazisimamia. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha yake yana funzo la pande mbili: biashara safi inaweza kulipa, lakini ukishajua mzigo unaonunua umetokana na dhuluma, kila msimu unaosubiri unalipwa na mtu mwingine kwa jasho lake.