Mkulima Aliyesoma Mawe

Nikiwa BTP mwaka jana, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza swali lililonitoa jasho. Kanisani kwao wamefundishwa kuwa milima yote iliinuka ndani ya mwaka mmoja wa Gharika. Mbona kitabu kinataja mamilioni ya miaka? Nikamjibu tutaangalia kipindi kijacho. Hatukuangalia. Deni hilo ndilo lililonifikisha kwa James Hutton.

Hutton alizaliwa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1726. Alihitimu udaktari Leiden, Uholanzi, mwaka 1749, lakini akaenda kulima shamba la urithi. Huko akaona kitu ambacho kila mkulima anakijua: mvua ikinyesha, udongo unakwenda na maji. Sasa kama ni hivyo, kwa nini nchi kavu haijaisha yote baharini? Akasema lazima ardhi huinuliwa upya, polepole, kwa joto la ndani ya dunia. Hoja hiyo aliiwasilisha mwaka 1785, wakati wengi Ulaya waliamini dunia ina miaka kama 6,000 tu.

Mwaka 1788 alipanda mashua na John Playfair na James Hall hadi Siccar Point. Pale mawe ya kijivu yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu, na juu yake umelala mwamba mwekundu wa mchanga. Ndani ya huo mwekundu kuna vipande vya ule wa kijivu. Kumbe wa kijivu ulishaganda, ukakunjwa, ukainuliwa na kumomonyoka kabla mwekundu haujaanza! Matope mabichi hayavunjiki vipande. Kiukweli, mwaka mmoja hautoshi. Leo wanajiolojia wanakadiria pengo kati ya miamba hiyo kuwa zaidi ya miaka milioni 50.

Wapo waliomshambulia kwamba anakana dini, ilhali yeye aliona hekima ya Muumba katika mzunguko huo. Kitabu chake cha 1795 kilikuwa kigumu kusomeka. Alifariki 1797, na Playfair akaja kukifafanua mwaka 1802.

Mimi pia ni muumini, jamani, na ndiyo maana siku ile niliogopa. Nikipata darasa langu, sitamwambia mtoto achague kati ya kanisa na jiwe. Nitamletea ndoo ya matope mabichi, nimwombe ayavunje vipande. Kisha tutaongea.