Baba Sy, gwiji wa drafti aliyetawazwa akiwa kaburini

BABA Sy wa Senegal alipoingizwa rasmi katika orodha ya mabingwa wa dunia wa mchezo wa drafti mnamo 1986, alikuwa amelala kaburini kwa miaka minane.

Taji alilopewa lilikuwa la mwaka 1963. Mechi ambayo ingeamua nani alistahili kulitwaa haikuchezwa kamwe.

Mwendazake alizaliwa 1935 katika mji wa Dagana, kaskazini mwa Senegal, kando ya mto uliolipa taifa hilo jina lake. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya ukoloni wa Ufaransa.

Drafti aliyoicheza si ile ya miraba 64 na kete 12 ambayo Wakenya wengi huicheza kwa vizibo vya soda. Ubao wake una miraba 100, na kila mchezaji huanza na kete 20. Kete ya kawaida huruhusiwa kula hata kwa kurudi nyuma, nayo kingi huvuka ubao mzima kwa hatua moja.

Isitoshe, mchezaji anayeweza kula kwa njia zaidi ya moja hulazimika kufuata ile yenye kete nyingi zaidi. Sheria hiyo ndiyo huzaa mitego. Fundi huweza kujitolea kete tatu au nne, mpinzani akala kwa lazima, kisha akageuka na kufagia upande mzima.

Wasenegali walikuwa mahiri katika mitego ya aina hiyo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Msenegali aliyefahamika kwa jina la Woldouby aliwashangaza mafundi wa Paris, na hadi sasa mpangilio mmoja mashuhuri wa kete huitwa kwa jina lake. Hata hivyo, ubingwa wa dunia ulibaki mikononi mwa Wafaransa na Waholanzi kwa miongo kadhaa. Mnamo 1956 ulinyakuliwa na Marcel Deslauriers wa Canada, naye akapokonywa miaka miwili baadaye na Iser Kuperman wa Muungano wa Kisovieti.

Aliyemfungulia Baba Sy mlango wa Ulaya ni Mfaransa Émile Biscons, aliyekitambua kipaji chake mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mwaka 1960, mwaka ule ule ambao Senegal ilijinyakulia uhuru, kijana huyo alishiriki kipute cha ubingwa wa dunia nchini Uholanzi. Alimaliza wa pili, nyuma ya Vyacheslav Shchyogolev, Msovieti ambaye hakuwa ametimiza umri wa miaka 21.

Ni vyema kukumbuka tofauti iliyokuwapo baina ya wapinzani hao. Wachezaji wa Kisovieti walitoka katika mfumo uliokuwa na walimu, vitabu na mashindano ya kila ngazi. Baba Sy alitoka katika taifa changa ambalo lingali likijenga mashirikisho yake ya michezo. Alichokuwa nacho ni kasi ya kuhesabu hatua, sifa iliyomwezesha kuwakabili makumi ya wapinzani kwa wakati mmoja, akipita kutoka ubao hadi ubao.

Kuperman alilirejesha taji mnamo 1961 kwa kumshinda Shchyogolev. Naye Baba Sy akajipatia haki ya kumkabili bingwa huyo, na mechi ikatarajiwa 1963.

Mazungumzo ya kuiandaa hayakuzaa matunda. Mwafrika wa kwanza kufikia hatua hiyo akabaki na haki iliyoandikwa tu kwenye karatasi, huku Kuperman akiendelea kuitwa bingwa. Mwaka 1964 kinyang'anyiro kipya kiliandaliwa Merano, Italia, na Shchyogolev akaibuka mshindi. Dunia ya drafti ikasonga mbele.

Fursa kama ile haikumrudia Baba Sy. Alifariki Agosti 1978 katika ajali ya barabarani nchini Senegal, akiwa na umri wa miaka 43 hivi.

Dunia ina vituko vyake. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Kuperman mwenyewe aliihama nchi yake na kuelekea Marekani, na wakuu wa Kisovieti wakalifuta jina lake katika machapisho ya mchezo huo. Hivyo bingwa na mpinzani wake, kila mmoja kwa njia yake, wakaonja ladha ya kuandikwa na kufutwa.

Uamuzi wa 1986 ulitolewa na Shirikisho la Drafti la Dunia, FMJD. Wapo wanaoweza kuhoji uhalali wa taji lisilochezewa, na hoja hiyo ina uzito, kwani ubingwa hupatikana kwenye ubao. Lakini aliyefuzu alifuzu kwenye ubao huo huo, na kumnyima kila kitu kwa sababu mechi haikufanyika kungekuwa kumwadhibu asiye na kosa. Kasoro kubwa ya uamuzi huo ni kwamba ulichukua zaidi ya miaka 20, na mwenyewe hakuwapo kuusikia.

Kuperman, aliyehesabiwa kutwaa ubingwa wa dunia mara saba, aliishi miaka mingine 20 baada ya uamuzi huo. Alifariki nchini Marekani mwaka 2006.