Cameron, muzungu aliyefungiwa njia katika inchi ya Waluba

Leo mutu wa Kamina akitaka kwenda Kabongo anauliza mambo mawili: barabara iko namna gani, na atalala wapi mvua ikimukamata. Mwaka wa 1874 Verney Lovett Cameron alikuwa na maulizo hayo hayo, ila jibu lilikuwa mikononi mwa mufalme mumoja: Kasongo Kalombo.

Cameron alizaliwa Uingereza mwaka wa 1844, akaingia jeshi la majini akingali kijana mudogo. Mwaka wa 1873 walimutuma Afrika kumusaidia Livingstone. Akiwa upande wa Tabora, watumishi wa Livingstone wakafika wakibeba maiti yake. Kazi aliyotumiwa ilikuwa imekwisha, lakini yeye akaendelea. Kwenye pwani alikuwa ametafuta punda, juu farasi hadumu penye mbung'o. Mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi.

Mupango wake ulikuwa kushuka na muto Lualaba kutoka Nyangwe. Mitumbwi ikakosekana. Tippu Tip akamupeleka kusini mpaka karibu na Lomami, na huko chifu wa ng'ambo akakataa watu wenye bunduki wapite kwake. Ikabaki kwenda kuomba ruksa kwa Kasongo, huko Kilemba, kaskazini ya Kamina ya leo.

Alifika Oktoba 1874. Kasongo hakuwako, alikuwa anazunguka inchi, na alirudi tu Januari. Miezi hiyo yote Cameron alilala kwa Juma Merikani, mufanyabiashara wa pwani. Bila huyo Juma, pengine habari yake ingeishia hapo. Alienda kuangalia ziwa Mohrya, penye nyumba zilizosimama juu ya miti ndani ya maji, lakini hakupata mutumbwi wa kumufikisha. Ziwa Kisale aliliona kwa mbali tu.

Kutoka nako kukawa shida ingine. Ilikuwa lazima afuatane na Alvez, muchuuzi wa watumwa kutoka upande wa Angola, na Alvez alikuwa ameahidi kumujengea Kasongo nyumba. Safari ikasimama mpaka Juni 1875. Mutu wa kundi hilo, Coimbra, akaleta wanawake 52 waliofungwa kwa kamba, waliotekwa katika vijiji vilivyoharibiwa. Cameron alichukia sana na aliandika aliyoyaona. Lakini alitembea njia ile ile, akalala kambi ile ile, maana njia ingine hakuwa nayo. Hapa njo penye uzito katika maisha yake, na wenye kumusifu wanapapita mbio.

Novemba 1875 alifika bahari ya Atlantiki karibu na Benguela, mugonjwa wa kiseyeye, muzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati toka bahari ya mashariki mpaka ya magharibi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1877. Alikufa kwao Uingereza tarehe 24 Machi 1894, akiwa na miaka 49: alianguka toka juu ya farasi akirudi kuwinda.